Dirisha la Sekunde Tano

Jumanne, 5 Machi

Sifuri tena! Wiki ya pili hii. Chembe za mwanga zinafika kwa Bibi, zinafika kwa Babu, vipokezi vyote vizima, hesabu zinapanda — halafu ukilinganisha pande mbili, kelele tupu. Profesa ametupa kalamu ukutani. Kalamu ya watu, haina kosa.

Niandike vizuri, maana nikizeeka nitajisoma nisielewe nilikuwa nahangaikia nini. Kwa Bibi ni chumba changu, chini kabisa ya jengo la fizikia, hakina dirisha, kina harufu ya vumbi lililopashwa moto. Kwa Babu ni kibanda juu ya paa la jengo la uhandisi, ng'ambo ya mji, na huko anakaa mume wangu. Majina hayo ni utani wa siku za mwanzo, yakaganda. Katikati kuna leza inayozaa chembe mbili mbili, zimefungamana. Moja inakuja kwangu kwenye faiba, uzi wa kioo unaopitisha mwanga, nyingine inakwenda kwake. Kila mmoja anaipima ya kwake kwa pembe inayochaguliwa ovyo dakika ya mwisho, bila kushauriana na mwenzake. Dunia ingekuwa ya kawaida, majibu yetu yangelandana kwa kiasi tu, na hesabu ya mwisho isingevuka mbili. Sisi tunataka ivuke, na mianya yote iwe imezibwa, mtu asije akasema mashine zetu zilinong'onezana.

Basi leo tunabishana, Profesa na mimi. Mimi nasema leza, yeye anasema vipokezi. Mume wangu kakaa kimya anaangalia dari. Tukaacha leza, tukaanza kubishana nani akanunue chakula. Ndipo akafungua mdomo: ile faiba tuliyobadilisha mwezi jana, ina urefu uleule?

Haina! Ni ndefu zaidi. Chembe za upande wake zinachelewa, na saa haikuambiwa. Chembe zilikuwepo siku zote. Sisi tulikuwa tunaoanisha kila moja na mwenza asiye wake. Akasogeza saa kidogo kidogo — na hapo kwenye grafu, katikati ya kelele, mlima! Profesa alimkumbatia mpaka miwani ikaanguka.

Wanafunzi wanamwita mume wangu Bwana Ngoja. Ndivyo alivyo. Leo asubuhi nilimwuliza chai au kahawa, nikavaa, nikatafuta funguo, nikafika getini, ndipo nasikia sauti jikoni: "Kahawa." Miaka yote anajibu kahawa. Na bado mimi nauliza, na bado yeye anafikiria.

Jumanne, 12 Machi

Sijui naandika nini.

Ilikuwa Jumapili mchana. Tunapimia Jumapili kwa sababu mji umetulia, malori hayatikisi faiba. Simu zimezimwa pande zote mbili. Kanuni yetu, na niliitunga mimi: upimaji ukianza hakuna kuwasiliana mpaka uishe. Tusipozungumza, hakuna wa kusema tuliambizana.

Upimaji ulikwisha. Nikawasha simu, nikampigia mume wangu, hakupokea. Nikasema huyo, bado anafikiria apokee au asipokee. Nilicheka! Nilicheka peke yangu mle ndani.

Mlinzi ndiye aliyemkuta chini ya meza. Kiharusi. Daktari anasema alikuwa amelala pale kwa muda mrefu. Mashine za kwa Babu hazikujali kama kiti kina mtu. Zilihesabu mpaka mwisho.

Jumatatu, 18 Machi

Chumba cha wagonjwa mahututi. Wanaingia wawili tu kwa zamu. Mashine ya kupumulia inasukuma, inavuta. Macho amefumba. Wamemnyoa upande mmoja, na mimi nimekasirishwa na huo unyoaji kuliko kitu kingine chochote — hivi wangeshindwa kunyoa na upande wa pili?

Profesa alikuja. Alisimama kwenye korido ameshika kofia mikono miwili. Alizungukazunguka weee, mwisho akasema. Data ya Jumapili imechambuliwa. Mbili nukta sita. Haijawahi kutokea safi hivyo hapa kwetu. Akaanza kulia, na mimi nikambembeleza, mtu mzima na ndevu zake.

Naichukia hiyo namba.

Wifi yangu aliisikia habari. Yeye hufundisha watoto wadogo, anapenda kuelewa mambo. Akaniuliza kwa upole kabisa, hakuwa na nia mbaya: "Wifi, si mnasema vile vitu vimefungamana, kimoja kikiguswa na kingine kinajua? Sasa wewe, Jumapili ile, hukushtuka hata kidogo?"

Sikushtuka. Nilikuwa nakula biskuti.

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Hakuna habari inayopita. Kila upande ukijitazama peke yake unaona bahati nasibu tu. Mpaka mkutane, mweke majibu yenu mezani, ndipo inaonekana mlikuwa pamoja. Hata kama Babu ameanguka, kwa Bibi haifiki kitu. Haifiki "njoo". Wifi akasema basi hiyo ni sayansi ya mateso.

Jumapili, 31 Machi

Vurugu leo wodini! Wifi katoka mbio, viatu mkononi, anapiga kelele: kabonyeza! Kaka kanibonyeza mkono! Mama mkwe akaketi palepale sakafuni akamshukuru Mungu. Sista akaja kutukanya, kuna wagonjwa wengine.

Niliingia. Nikashika mkono. Uzito wake ni uleule, na kovu la kuungua na solda bado lipo kwenye kidole gumba. Nikasema mume wangu, nibonyeze. Kimya. Nikasubiri. Kimya. Nikaanza kumhadithia habari za bomba la jikoni linalovuja, na katikati ya bomba — kitu! Kidogo, vidole vilijikunja.

Roho iliruka. Nakiri hapa, maana hapa hakuna anayesoma, nilimbusu ule mkono kama mwendawazimu.

Halafu kichwa changu kikaanza kazi yake. Sikuwa nimeuliza kitu. Nilikuwa nasimulia bomba. Ukikaa na mkono saa nzima na mkono unajikunja mara kadhaa, lazima mara mojamoja itaangukia karibu na swali. Tutaikumbuka hiyo, nyingine tutaisahau. Huo ni mwanya, tena mpana, ng'ombe anapita.

Jumatano, 3 Aprili

Kikao na daktari. Ni mwanamke wa rika langu, anaongea taratibu, haangalii saa. Picha za ubongo ni mbaya. Vidole vinavyojikunja anasema ni misuli inajikaza yenyewe, wanaona hivyo mara nyingi. Hadhani kama kuna mtu ndani. Mapafu yameanza kuchafuka. Tufikirie kama tunataka mashine iendelee, au tumwache apumzike.

Wifi alikataa. Mama mkwe alishika pindo la kitambaa chake, akaniangalia mimi. "Wewe ndiye msomi, mwanangu. Sisi tunaona kwa mapenzi. Wewe utuambie."

Nikasema kuna njia ya kujua. Nikajisikia naisema. Na niseme kweli, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile nilipata nguvu. Hatimaye kitu ninachokiweza!

Ijumaa, 5 Aprili

Nimefanya.

Niliupanga upimaji kama tunavyopanga wa kwetu. Pazia katikati. Mimi kichwani kwa mgonjwa, sista mkononi, hatuonani. Sista kavaa vipokea sauti, muziki juu, asinisikie. Narusha sarafu. Ikija kichwa, namwambia mume wangu: "Bonyeza." Ikija namba, namwambia: "Acha." Halafu nanyoosha mkono namgusa sista bega, anauangalia mkono kwa sekunde tano, anaweka alama: kabonyeza, hakubonyeza. Sekunde tano zikiisha, dirisha limefungwa. Kinachokuja baada ya hapo hakihesabiwi. Kisha sarafu tena.

Kwa nini tano? Daktari alisema mwenye fahamu hujibu ndani ya sekunde mbili, tatu. Maabara dirisha letu ni chini ya sehemu ya milioni ya sekunde. Tano niliona ni ukarimu mtupu.

Asubuhi yote. Sarafu, neno, bega. Sauti yangu ilianza kuishiwa. "Bonyeza." "Acha." "Bonyeza." Maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa mzima yalikuwa usisahau koti.

Katikati sista alitoa vipokea sauti akacheka kidogo, kutupunguzia uzito. "Mama, huyu mgonjwa wako mbishi. Nikishaondoa macho ndiyo anabonyeza."

Nikamwambia dirisha likishafungwa haihesabiwi, sista. Tukianza kuhesabu kila kitu tutajidanganya wenyewe. Akasema sawa, mama, akarudisha muziki wake.

Tulipomaliza nilijumlisha. Alipoambiwa abonyeze na alipoambiwa aache — sawasawa. Hakuna tofauti hata ya kusingizia. Kelele.

Niliikunjakunja ile karatasi nikaitupa kwenye ndoo ya pamba chafu. Sikutaka kuilaza nyumbani kwangu.

Nikatoka kwenye korido nikawaambia. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa tu. Wifi alisema: "Ulikuwa unamrushia sarafu? Kaka yangu?" Natamani angenitukana.

Jumamosi, 6 Aprili

Tumekubaliana Jumatano. Wataiondoa mashine asubuhi, tukiwepo sote.

Nyumbani. Nimefua koti lake. Halikuwa chafu.

Mama mkwe analala chumba cha wageni. Jioni alikuja jikoni akakaa, akaanza hadithi zake za zamani kama vile hakuna lililotokea. Kwamba mume wangu alipokuwa mdogo walimpeleka kupimwa masikio. Ukimwita haitiki. Baba yake akasema mtoto huyu kiziwi. Wamefika kwa mpimaji, mpimaji anamwita jina, hakuna kitu, anaita tena, hakuna kitu. Wamekata tamaa, wanafunga mlango kuondoka, mtoto anageuka: "Naam!" Mama mkwe alicheka mpaka machozi yakageuka kuwa ya kweli. Nikamshika. Tulikaa hivyohivyo mpaka sufuria ikaungua.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimekwenda kazini. Watu wananiangalia kama yai. Nilikwenda kwa sababu nyumbani kila kitu kina mpini wake, kila kitu mkono wake ulishakishika.

Profesa amehamia kwa Babu mwenyewe, hakutaka kumweka mtu mwingine. Amehamisha meza, hawezi kukaa pale alipoanguka mume wangu, namwelewa. Leo tulijaribu tu, si upimaji rasmi, simu zipo wazi. Sifuri. Ananipigia analalamika: zimekufa, mama, zimekufa tena, hakuna kulandana kokote.

Nikamjibu bila hata kufikiria, kwa uchovu, kama mtu anayekumbusha chumvi: "Hazijafa, Profesa. Umehamisha meza, umeongeza faiba. Zinachelewa tu. Fungua dirisha baadaye."

Nikasikia nilichosema.

Simu ilikuwa bado sikioni, Profesa anaita halo, halo. Nikaona ule mkono wa sista ukitoa vipokea sauti. Nikishaondoa macho ndiyo anabonyeza. Nikishaondoa macho! Nikamwona mtoto amegeuka mlangoni. Nikaisikia kahawa ikisemwa jikoni nami niko getini.

Miaka yote hii! Naishi na mtu ambaye hajawahi kunijibu ndani ya sekunde tano, hata siku ya kumwuliza tuoane — nililipa bili, nikaagiza teksi, ndipo akasema ndiyo. Na nikampa dirisha la sekunde tano. Tena nikajiita mkarimu. Na kila alipokuwa anajikusanya kunijibu, nilikuwa nimeshamrushia neno lingine. Bonyeza. Acha. Bonyeza. Masikini mume wangu, angejibu lipi?

Nilikimbilia hospitali. Ndoo ya pamba chafu imeshamwagwa, bila shaka. Imechomwa. Ingekuwepo ile karatasi nisingepata kitu kwayo, maana zile za baada ya dirisha hatukuziandika kabisa. Mwanafunzi akitupa data ghafi namfokea mpaka anatamani kuacha shule. Mimi nimetupa ya mume wangu.

Na ninajua, ninajua vizuri mno, kwamba hili nalo linaweza kuwa uongo wa moyo. Ukishakosa, ukasogeza dirisha mpaka upate, utapata tu. Ukisogeza vya kutosha hata ukuta utakujibu. Dirisha huwekwa kabla ya kupima. Kwa hiyo siwezi kusema amenijibu. Naweza tu kumwuliza upya.

Ana homa. Imepanda tangu mchana.

Jumanne, 9 Aprili

Daktari amenisikiliza mpaka mwisho. Hakunicheka. Alisema homa ni ya mapafu, dawa zimeanza, lakini hawezi kuahidi mkono utaweza kitu leo, hata kama. Alisema "hata kama" akaacha hapo. Kuhusu kesho alisema inabaki kwetu, na kwamba mwili wenyewe unaweza kuamua kabla yetu.

Niliwaambia wawili wale kwenye korido. Sikupamba. Nilisema nilikosea kupima. Nilisema huenda hayupo kweli, na huenda yupo na mimi nilimkatiza. Mama mkwe alinishika shavu. Wifi alivua saa yake ya mkononi akaitumbukiza kwenye mkoba. "Twende," akasema.

Tumeruhusiwa watatu. Sista amegeuka upande wa pili kama hatuoni.

Leo hakuna sarafu. Swali moja tu. Nimewaeleza na wao kabla, ili nisije nikabadilisha baadaye: nitamwuliza chai au kahawa. Chai abonyeze mara moja, kahawa mara mbili. Nikishauliza, hakuna mtu kusema, hakuna kumwita, hakuna kumgusa zaidi ya mkono wangu. Tutangoja mpaka zamu ya sista iishe. Hilo ndilo dirisha. Wifi akauliza na asipojibu je? Nikasema asipojibu, kesho.

Nimemsogelea sikioni. Nimesema ni mimi. Nimesema samahani nilikuharakisha. Chai, au kahawa?

Basi. Nimenyamaza.

Mkono wa kulia uko ndani ya wake, naandika kwa kushoto, mwandiko wa kuku. Mkono wake una moto. Mashine inasukuma, inavuta. Nje kigari cha vyakula kinapita, gurudumu moja linalia.

Mama mkwe midomo inamcheza, anaomba bila sauti.

Muda unakwenda. Sekunde tano zimepita zamani, zimepita na nyingine na nyingine. Wifi ananiashiria: uliza tena! Natikisa kichwa. Nikiuliza tena nitamvuruga, atarudi mwanzo.

Naogopa. Naogopa akinyamaza, na naogopa akijibu, maana kama yupo basi Ijumaa alikuwepo, alisikia sarafu ikianguka sakafuni.

Sista amechungulia saa ya ukutani. Jua limefika kwenye mguu wa kitanda.

Kabonyeza.

Mara moja. Si ndoto, wifi kaona, kashika mdomo kwa mikono miwili. Vidole vimejikunja, vikakaza, vikalegea.

Moja. Mama mkwe ananong'ona: chai, amesema chai! Nimemwashiria anyamaze. Inaweza kuwa misuli tu. Inaweza kuwa homa. Na huyu mtu hajawahi kunywa chai asubuhi tangu nimjue.

Sijautoa mkono. Nangoja ya pili.